Baba ana miaka 73, miguu imenywea na sukari haishuki: je, misuli ya mzee hujengeka tena?

Bint wa Ngamiani
Jumamosi, saa 3 usiku

Assalaam aleikum, na shikamooni wakubwa zangu. Naomba msaada wa kielimu zaidi kuliko wa kufarijiwa, kwa sababu faraja tumeipata ya kutosha kwa majirani na hali ya mzee haijabadilika.

Baba yangu ana umri wa miaka 73. Alikuwa mpakiaji wa mizigo katika bandari ya Tanga tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu alikuwa akiendesha baiskeli kutoka Ngamiani hadi Sahare kufuata samaki, akirudi na kikapu kimefungwa nyuma. Ana kisukari cha ukubwani, huu ni mwaka wa 11, na anatumia metformini pamoja na glibenklamidi. Mwezi wa pili aliugua homa ya mapafu akalazwa siku 9. Mapafu yalipona, lakini miguu haikurudi kama ilivyokuwa. Juzi nilipokuwa nikimpaka mafuta ya nazi miguuni, nilizungusha vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili kwenye shavu la mguu wake, vikakutana na nafasi ikabaki. Nilinyamaza, nikaendelea kumpaka ili asione ninachokifanya.

Msikitini alikuwa mtu wa safu ya mbele. Siku hizi anasali juu ya kiti cha plastiki pembeni, kwa sababu akishasujudu hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Nyumbani sisi watoto na wajukuu tunamhudumia kwa kila kitu: maji ya kuoga anapelekewa, chakula anapelekewa alipo, na akijaribu kunyanyua ndoo ananyang'anywa na kuambiwa apumzike. Pamoja na mapumziko yote hayo, sukari yake ya asubuhi kabla hajala, ambayo ilikuwa 7 au 8, sasa inafika 11 na 12, ilhali anakula kidogo kuliko zamani. Mizani inaonyesha amepungua kilo 2 tu, na tumbo limezidi.

Kaka yangu anasema huo ni uzee na hauna dawa. Mimi nimesikia kwamba wako watafiti waliothibitisha kuwa misuli ya mtu mzima sana inaweza kujengwa upya. Je, ni kweli, na kama ni kweli, ina uhusiano wowote na sukari yake?

---

Mtaalamu wa Utengamao, Tanga
Jumapili, saa 1 asubuhi

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Ni kweli, na uhusiano na sukari upo. Nitajibu la misuli kwa urefu, la sukari nimwachie anayelijua vizuri zaidi.

Kile ulichokifanya kwa vidole vyako ni kipimo halisi. Watafiti wa Japani walikifanyia kazi kwa wazee wa mji wa Kashiwa: mzee azungushe vidole gumba na vya shahada kwenye sehemu nene ya shavu la mguu, na vidole vikikutana na nafasi ikabaki, uwezekano wa kuwa amepoteza misuli ni mkubwa. Hali hiyo inaitwa sarkopenia, jina lililopendekezwa na Mmarekani Irwin Rosenberg mwishoni mwa miaka ya 1980 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyama na upungufu. Alitaka iwe na jina kwa sababu madaktari walikuwa wakiitazama kila siku bila kuihesabu kuwa tatizo.

Kwa kawaida mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kwa kila miaka 10 baada ya kufika miaka 30, na kasi huongezeka baada ya 60. Nguvu hupungua kwa haraka kuliko nyama yenyewe, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli nayo hufa kidogo kidogo, na nyuzi zinazotangulia kudhoofika ni zile za mwendo wa kasi. Ndiyo maana utamwona mzee anatembea vizuri tu barazani, lakini akijikwaa hawahi kujizuia.

Hata hivyo, baba yako hakufikishwa hapo na umri peke yake. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ambamo wazee wenye afya njema, wenye wastani wa miaka 67, walilazwa kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote. Walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Sasa fikiria mzee wa miaka 73 mwenye homa ya mapafu, aliyelala siku 9 huku homa ikimla na hamu ya chakula haipo, kisha akarudishwa nyumbani akakalishwa kwenye kiti kwa miezi. Nasema haya kwa upendo, na usiyachukue kuwa lawama, kwa maana nayakuta katika kila nyumba ya watoto wenye adabu: ile ndoo mnayomnyang'anya ndiyo ilikuwa dawa yake.

Kuhusu kujengeka upya, utafiti unaonipa moyo kuliko wote ni wa Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, uliochapishwa mwaka 1990. Aliwachukua wakazi 10 wa makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90, akawafanyisha mazoezi ya kunyoosha goti dhidi ya uzito mara 3 kwa wiki kwa wiki 8. Mmoja aliacha njiani. Kwa wale 9 waliomaliza, nguvu ya miguu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na nyama ya paja ikaongezeka asilimia 9. Wawili waliweka kando mikongojo. Na lipo jambo la pili ambalo watu husahau kulitaja: walipoacha mazoezi kwa wiki 4 tu, walipoteza asilimia 32 ya nguvu zao. Siri ya matokeo yale ilikuwa uzito wenyewe. Wiki ya kwanza walianza na nusu ya uwezo wao, kisha wakapandishwa hadi kufikia asilimia 80 ya uzito mkubwa kabisa ambao mtu angeweza kuuinua mara moja, na ulipokuwa mwepesi uliongezwa. Kumkalisha mzee akipungia mikono hewani hakujengi kitu.

Anza kwa kumpima. Chukua kiti cha mbao kisicho na magurudumu, egemeza mgongo wa kiti ukutani, mwambie akunje mikono kifuani, ainuke mpaka asimame wima na kukaa tena, mara 5 kwa haraka awezavyo, nawe ushike saa. Wataalamu wa Ulaya waliokubaliana vigezo mwaka 2018 wanasema kupita sekunde 15 ni dalili ya nguvu kupungua. Kama hawezi hata mara moja bila kushika, usimlazimishe. Weka mto uliokunjwa au magodoro madogo mawili ili kiti kiwe kirefu zaidi, aanzie hapo.

Zoezi lenyewe ni hilohilo la kiti. Akae mbele kidogo ya kiti, nyayo ziingie nyuma ya magoti, ajiinamishe kana kwamba anataka kunusa kitu kilicho juu ya magoti, kisha ajisukume kwa visigino. Wakati wa kukaa ndipo penye kazi: ashuke polepole huku ukihesabu mpaka 3, asijidondoshe. Atoe pumzi anapoinuka, asiizuie, maana kuizuia kunapandisha presha. Afanye mara 8, apumzike dakika 2, arudie, na baada ya siku kadhaa awe anarudia mara ya tatu. Siku 3 kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati. Akifikisha mara 12 bila taabu, punguza kimo cha mto. Mto ukiisha, akumbatie dumu lenye maji, mwanzo lita 2, kisha 3, kisha 5, na lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo mizani huihitaji. Mara ya mwisho ya kila duru inapaswa kuwa ngumu kiasi kwamba angeweza kuongeza mbili tu zaidi. Na asianze kabla daktari wake hajamwona, hasa kwa moyo na macho.

---

Mkazi wa Chumbageni
Jumapili, saa 6 mchana

Naheshimu elimu ya ndugu aliyetangulia, lakini naomba tusiwape watoto matumaini yatakayowaumiza. Mama yangu ana miaka 80, na mwaka jana alianguka kwenye ngazi za nyuma ya nyumba akavunjika nyonga. Tangu hapo namtazama kwa jicho la mtu anayeshika yai.

Nilivyofundishwa mimi, mwili ni kama injini, na injini huanza kupunguza moto wake mara mtu anapopita miaka 30. Unene wa tumbo na sukari ya wazee vinatokana na hilo, na hakuna zoezi litakaloirudisha injini ya miaka 73 kuwa ya miaka 25. Isitoshe, wazee wale wa Boston walikuwa na mtaalamu pembeni na chakula cha uhakika. Hapa kwetu mzee yuko na mjukuu wa darasa la 6.

---

Mwalimu wa Bayolojia, Pangani
Jumapili, saa 2 usiku

Ndugu wa Chumbageni, pole sana kwa mama, na hofu yako ina msingi. Naomba hata hivyo nikusahihishe kwenye injini, kwa sababu nami niliwafundisha wanafunzi wangu hivyohivyo kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2021 ilipotoka kazi ya Herman Pontzer na wenzake wengi. Walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95, wakapima nishati wanayotumia kwa maji yenye alama maalumu ambayo mwili huyatoa kwa kiwango kinachoweza kuhesabiwa. Walipozingatia ukubwa wa mwili na wingi wa nyama isiyo mafuta, waligundua kwamba matumizi ya nishati hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Baada ya 60 ndipo yanaposhuka, kwa takriban asilimia 0.7 kila mwaka. Basi tumbo la mtu wa miaka 45 haliwezi kusingiziwa injini, na hata la mzee wa 73 linaelezwa kwa sehemu tu.

Sukari ya mzee wetu tuitafute kwenye misuli. Mtu akila wali, glukosi huingia kwenye damu, insulini hutolewa, na sehemu kubwa ya glukosi inayoondolewa kwenye damu kwa amri ya insulini hupokelewa na misuli, ambako huhifadhiwa kama glikojeni. Misuli ndiyo ghala. Ghala likibomolewa nusu na gunia za mchele zikaendelea kuja kiasi kilekile, gunia zitabaki barabarani, na barabara yenyewe ni damu. Ndiyo sababu sukari inaweza kupanda kwa mtu anayekula kidogo kuliko zamani. (Homa kali nayo hupandisha sukari kwa muda, lakini miezi imeshapita.)

Misuli ina mlango wa pili pia. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna vibebeo vya glukosi vilivyofichwa, na kwa kawaida insulini ndiyo huvivuta hadi kwenye ngozi ya seli ili vifungue njia. Msuli unapokaza kwa kazi, vibebeo hivyohivyo hupanda juu bila kungojea insulini. Mwenye kisukari cha ukubwani ana mlango wa kwanza uliokwama, lakini huu wa pili bado unafunguka.

Ushahidi upo kwa watu wanaofanana na mzee wetu. Mwaka 2002 Carmen Castaneda na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 62 wenye kisukari, wenye wastani wa miaka 66, wenye asili ya Amerika ya Kilatini wanaoishi Marekani. Walioinua uzito kwa wiki 16 walishuka kwenye kipimo cha sukari ya miezi mitatu kutoka asilimia 8.7 hadi 7.6, wakati wale wa kundi la ulinganisho walibaki karibu palepale. Katika kila 100 wa kundi la mazoezi, 72 walipunguziwa dawa. Glikojeni kwenye misuli yao iliongezeka, yaani ghala lilipanuliwa.

Niongeze jambo la hapa kwetu Tanzania, kwa kuwa umesema Boston si Tanga. Watafiti walipowapima Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, matokeo yakachapishwa mwaka 2020, walikuta nao hupumzika takriban saa 10 kwa siku, muda unaokaribiana na wa watu wa mjini. Tofauti ni kwamba wao sehemu ya muda huo hupumzika wamechuchumaa au wamepiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi ndogondogo. Bibi zetu walichambua mchele, walimenya muhogo na kupara samaki wakiwa chini, juu ya kibao cha mbuzi au mkeka, wakiinuka na kukaa tena mara nyingi kwa siku. Mzee mwenyewe, alipokuwa akisali sala tano akiwa amesimama, rakaa 17 za faradhi zilimtaka asujudu mara 34 na ainuke kutoka chini hadi kusimama angalau mara 12. Kiti cha plastiki kimemwondolea hizo 12 zote.

---

Bint wa Ngamiani
Jumatatu, saa 12 jioni

Nawashukuru sana. Nimesoma sehemu ya rakaa kwa sauti mbele ya baba, akatikisa kichwa, akaomba nirudie.

Leo tumepima. Mara ya kwanza alishindwa kuinuka bila kushika mapaja yake. Tulipoweka mto mmoja aliweza, na mara 5 zilimchukua sekunde 22. Alitoka jasho, lakini aliketi akiwa na uso wa mtu aliyefanya kazi. Jumatano nampeleka kliniki.

Swali langu sasa ni la chakula. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na mkate, mchana wali na mchuzi, na nyama au samaki huwaachia wajukuu, usiku uji. Ana uzito wa kilo 62. Tuliambiwa na mtu mmoja hospitalini kwamba mwenye kisukari asile protini ataharibu figo, na tangu hapo mayai yalikoma kuingia ndani.

---

Muuguzi Mstaafu, Raskazone
Jumatatu, saa 3 usiku

Mwanangu, kwanza la hatari. Baba anatumia glibenklamidi. Dawa hiyo huendelea kuisukuma insulini hata kama sukari imeshashuka, na misuli ikianza kufanya kazi, sukari inaweza kushuka mno, pengine hata usiku wa siku ya mazoezi. Asifanye zoezi akiwa na njaa. Awe na kitu kitamu karibu, soda ya kawaida au sukari ya kukoroga kwenye maji, na kila mtu nyumbani ajue dalili: kutetemeka, jasho la baridi, maneno kuchanganyika. Mweleze daktari siku hiyohiyo ya Jumatano kwamba anaanza mazoezi ya uzito, ili apange dozi upya. Msipunguze dawa wenyewe.

Kuhusu figo, kauli hiyo imechanganya mambo mawili. Mtu ambaye figo zake zimeshadhoofika hupangiwa protini na daktari, na huyo anapaswa kutii. Mwenye figo nzima hakatazwi, na mzee anahitaji zaidi ya kijana. Wataalamu waliokutana kulijadili jambo hili, wakachapisha maoni yao mwaka 2013, walipendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Basi omba apimwe kreatinini kwenye damu na albumini kwenye mkojo, mjue figo zikoje kabla ya kununua chochote.

Majibu yakiwa mazuri, kilo 62 zinataka gramu 62 hadi 74 kwa siku. Misuli ya mzee ni mizito ya kusikia: kijiko cha protini hapa na pale hakiiamshi, inataka protini ije kwa wingi kidogo kwa mlo mmoja, kama gramu 25. Asubuhi yake haina karibu chochote, na hapo ndipo pa kuanzia. Mayai 2 ni gramu 12, glasi ya maziwa ni 8. Mchana, kipande cha samaki chenye ukubwa wa kiganja chake kitampa 20 au zaidi, na nakuomba mumpakulie pembeni, kwa sahani yake, ili asipate nafasi ya kuwagawia wajukuu, maana wazee wetu hawali mbele ya macho ya mtoto. Usiku, badala ya uji mtupu, kikombe cha mbaazi zilizochemshwa kina gramu 11, na dagaa mkavu aliyetwangwa akatiwa humo huongeza nyingi kwa bei ndogo. Tui lisiwe zito.

Ila chakula pekee hakitoshi. Fiatarone yuleyule alirudia kazi yake kwa wazee 100, ikatoka mwaka 1994. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu, na walioinua uzito nguvu yao ilizidi maradufu.

---

Mkazi wa Chumbageni
Jumanne, saa 2 asubuhi

Nimeyasoma yote mara mbili, na nakubali kuwa la injini nilikosea. Mama alifungwa vyuma kwenye nyonga na anatembea kwa mkongojo. Je, naye anaweza, au nitamvunja upya?

---

Mtaalamu wa Utengamao, Tanga
Jumanne, saa 4 asubuhi

Anaweza, lakini aanze mbele ya mtaalamu atakayeona picha yake ya eksirei. Kwake yeye nitatanguliza usawa wa mwili: asimame ameshika ukingo wa meza nzito, nyayo moja mbele ya nyingine, kisha alegeze vidole kimoja kimoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi mchanganyiko yanayotia mkazo kwenye usawa na nguvu angalau siku 3 kwa wiki, mahsusi ili wasianguke. Yai huvunjika likidondoka hata kama limeshikwa kwa uangalifu. Mfupa unaobebeshwa uzito kwa kipimo huwa mgumu zaidi. Mlete tumwone.

---

Bint wa Ngamiani
Wiki 9 baadaye, Ijumaa, saa 10 jioni

Shikamooni tena. Figo za baba zilikutwa nzima, na glibenklamidi imepunguzwa nusu kwa amri ya daktari baada ya sukari ya asubuhi kushuka hadi 8. Mto tumeuondoa wiki ya 4. Jana mara 5 zilimchukua sekunde 14. Ndoo ya kuoga anaibeba mwenyewe, ikiwa nusu, na tumekubaliana ndani ya nyumba kwamba hakuna wa kumpokea.

Alfajiri ya leo alisali chini, rakaa zote mbili, akijishika kwenye nguzo wakati wa kuinuka. Adhuhuri alirudi kwenye kiti, anasema nne bado nyingi.

Dumu la lita 5 limekuwa jepesi kwake. Tumpe la 10?

---

Mtaalamu wa Utengamao, Tanga
Ijumaa, saa 2 usiku

Alhamdulillah. Kutoka 5 kwenda 10 ni mruko mkubwa. Jaza maji lita 6 kwenye dumu la 10, na uongeze lita 1 kila anapofikisha mara 12. Siku ambazo si za dumu, mfundishe kuinuka kutoka kwenye mkeka: apige goti moja, nyayo ya mguu mwingine iwe bapa chini, mikono juu ya goti lililo mbele, ajisukume. Aanze na mara 4 kwa kila mguu, karibu na ukuta. Baada ya mwezi mpime tena, na uniandikie amefika rakaa ngapi.